Alama Themanini

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Ritha Kahabuka alipita katikati ya makundi mawili ya watu wenye mabango, kama alivyopita kila siku ya kazi kwa miaka sita. Kushoto walisimama wanaotaka sheria ibaki, kulia wanaotaka ifutwe. Wote walimfahamu. Mzee mmoja wa kushoto alimpungia mkono, na binti mmoja wa kulia akamuuliza mume wake anaendeleaje na figo. Ritha aliwajibu wote kwa kutikisa kichwa. Zamani alikuwa na hamu ya kujua nani atamshinda mwenzake. Siku hizi alichotaka ni wamwachie upenyo mlangoni, maana magoti yalimsumbua na mlango wa pembeni ulikuwa na ngazi.

Ndani alibandikwa kinasa sauti kwenye ukosi wa gauni, akagusisha kadi yake kwenye mashine ya mapokezi, na kazi ya siku ikajitokeza: chumba namba tisa, Kiswahili, mimba ya wiki kumi na nane, chupa imepasuka tangu jana jioni. Aliisoma mara mbili. Alikuwa mkalimani, hakuwa muuguzi, lakini ukikaa kwenye wodi za wazazi miaka sita unajua mambo. Chupa ikipasuka wiki ya kumi na nane hakuna mtoto wa kwenda naye nyumbani. Kinachobaki ni mama, na mama huyo yuko kwenye mbio na uchafu unaopanda tumboni mwake.

Mgonjwa aliitwa Apolina Wilondja, mwanamke wa miaka ishirini na sita, Mbembe wa Kongo aliyezaliwa na kukulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa akikata kuku kwenye kiwanda cha mji ule wa Marekani. Alikuwa amelala ubavu, kitenge kimemfunika miguu. Mume wake, Etabo, alisimama dirishani ameshika koti la mkewe kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa wanaondoka sasa hivi.

"Shikamoo mama," Apolina alisema, akajaribu kuinuka.

"Marahaba mwanangu. Lala, usijisumbue."

Ukutani juu ya kitanda kulikuwa na kioo cha mashine, na ndani yake namba moja tu: 66. Juu yake ulipita mstari mwekundu ulioandikwa 80. Kifaa kile kilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hakuna aliyelikumbuka. Waswahili wa mji walikiita Mizani. Kilisoma damu, joto, mapigo ya moyo na pumzi, kikayajumlisha na kutoa alama. Mama akifika themanini, kifo kinahesabiwa kuwa kiko karibu vya kutosha, na daktari anaruhusiwa kumtoa mimba. Chini ya themanini, daktari akigusa ni jinai.

Lakini mwili peke yake uliweza kutoa alama sabini tu. Thelathini zilizobaki zilikuwa za mdomo. Kila baada ya saa mbili taa ya kijani iliwaka kwa dakika nne, Mizani ikamuuliza mgonjwa maswali matatu, na majibu yake yakaingia kwenye hesabu, kwa kuongeza au kwa kupunguza. Kwa mgonjwa asiyejua Kiingereza, majibu yalipitia kwa mkalimani aliyekula kiapo, kwa sababu Mizani yenyewe ilijua Kiswahili cha kuombea maji, na sheria haikutaka mtu afungwe kwa Kiswahili cha namna hiyo. Ndani ya zile dakika nne mkalimani hatii chumvi, hapunguzi, haelezi na hashauri.

Taa ikawaka. Sauti ya kike ikauliza kwa upole, na Ritha akageuza: "Unajisikiaje sasa hivi?"

Apolina hakutazama ukutani. Alimtazama Ritha. "Salama tu, mama. Namshukuru Mungu."

"Maumivu yako unayaelezaje?"

"Yapo kidogo. Ya kuvumilia."

"Una hofu ya kupoteza maisha?"

Apolina akamtupia jicho mumewe, akajitahidi kutabasamu. "Aa, hapana mama. Mungu yupo."

Ritha alitafsiri neno kwa neno. Namba ukutani ikatetemeka kidogo, ikashuka: 58.

Moyo ulimuuma, kwa sababu alikijua kilichotokea na hakuna mwingine mle ndani aliyekijua. Mtu aliyelelewa vizuri hamwambii mama mtu mzima, ambaye amemwamkia shikamoo sasa hivi, kwamba anakufa. Kwanza ni salama. Baya linakuja baadaye, polepole, ukiulizwa mara ya pili na ya tatu. Hata kwenye matanga ukiuliza habari za hapa utaambiwa nzuri, ila tumefiwa. Mizani haikuwa na mara ya pili. Na kama mkalimani angekuwa kibinti anayetafuna bigijii, huenda Apolina angelia na kusema yote. Heshima aliyopewa Ritha ndiyo iliyoshusha alama nane.

*

Daktari Maddox alimsubiri koridoni na vikombe viwili vya karatasi vya chai. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, nywele zimefungwa kwa kamba ya barakoa.

"Amesema kweli?" aliuliza.

"Nimetafsiri alichosema."

"Sijauliza hilo, Ritha."

"Najua hujauliza hilo."

Walikunywa chai. Daktari alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya manunuzi. Homa inapanda. Mtoto hataishi, hata Mizani inalijua hilo, kuna mahali imeandika. Ila moyo wake bado unapiga, na mama ana hamsini na nane. "Nikimgusa leo, kesho niko ndani, mimi na wauguzi wawili. Kwa hiyo simtibu. Nasubiri namba ipande. Miaka kumi na miwili ya shule nimesomea kusubiri namba."

"Mpeleke jimbo la pili."

"Ni mwendo wa saa tano kwa gari. Bima yao ya kiwandani inaishia mpakani. Kule hawampokei bila idhini ya bima, na idhini ni siku mbili. Nimepiga simu tangu saa kumi na moja alfajiri. Wananipigia muziki."

Ritha alimaliza chai yake. Yeye alikuwa mmoja wa walioiomba Mizani.

Ilikuwa miaka minane nyuma, ukumbini chini ya kanisa la parokia, baada ya misa ya pili. Walipewa karatasi za kusaini. Jimbo lilikuwa limegombana mpaka limechoka: hawa wanasema mtoto, hawa wanasema mama, na wanasiasa wanakula kwenye ugomvi huo. Ndipo wakaja watu waliovaa vizuri wakasema, basi, tuiachie mashine. Mashine haina chama, haichukii wanawake, haichukii watoto, inapima tu. Walipofika kwenye kipengele cha kauli ya mgonjwa, kwamba kwa mara ya kwanza mama mwenyewe ataulizwa, akina mama wa Kiafrika nyuma ya ukumbi walipiga vigelegele. Ritha alisaini kwa moyo mweupe. Aliamini mimba ni mtu, na aliamini hivyo mpaka leo. Mimba zake mbili zilizoharibika zamani kule Bukoba alizipa majina, na aliziombea kila Novemba. Hakuwa mtu wa kuyumbishwa na mabango.

Ila hakuna aliyeuliza siku ile, vigelegele vikiwa bado vinalia, mama huyo ataulizwaje na atajibuje.

Na kulikuwa na kifungu kingine ambacho ukumbini hawakusomewa. Mwanamke akitamka ndani ya taa ya kijani kwamba anataka mimba itoke, hiyo ni nia. Alama zote zinarudi sifuri na jalada linakwenda kwa wapelelezi. Ritha alikiona kikitumika mara moja tu, chumba cha jirani, kwa mama mmoja wa Honduras. Mkalimani wa Kihispania alitoka mle akatapika kwenye pipa la taka, akarudi kazini wiki iliyofuata kwa sababu naye alikuwa na watoto.

Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kurudi kazini. Ya Ritha iliitwa Deogratias, mume wake, fundi seremala aliyestaafu kwa ugonjwa, ambaye damu yake ilisafishwa kwa mashine Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Bima iliyolipia mashine hiyo ilikuwa ya kazi ya Ritha. Leseni ikiondoka, kazi imeondoka, na bima inakatika mwisho wa mwezi. Katika nchi ile yenye hospitali kama kasri, uhai wa Deo ulikuwa umening'inia kwenye kadi ya plastiki iliyo shingoni mwa mkewe.

*

Saa nne taa iliwaka tena. Apolina alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, lakini alijibu vilevile: afadhali, mama, ya kuvumilia, mama, hapana, mama. Ritha alitafsiri afadhali, akatafsiri ya kuvumilia, akatafsiri hapana. Namba ilisimama kwenye 60, na hizo mbili zilizoongezeka zilikuwa za homa.

Alipotoka, Etabo alimfuata. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye makovu ya visu vya kiwandani kwenye vidole.

"Mama, hawa madaktari wanangoja nini?"

"Siruhusiwi kueleza, mwanangu."

"Huruhusiwi na nani? Wewe si mama yetu hapa?" Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuumiza Ritha zaidi. "Kama kuna neno anatakiwa kulisema, niambie mimi nikamwambie. Neno moja tu. Sitasema limetoka kwako."

Kamera ilikuwa juu ya vichwa vyao, duara dogo jeusi lisilo na kelele. Kumfundisha mgonjwa la kusema kulikuwa na kifungo cha miaka mitano, kwa anayefundisha na kwa anayepeleka. Etabo angekwenda ndani akiwa hata hajui ni kwa kosa gani, na hati zake za ukimbizi zingekwenda naye.

"Nenda kakae naye," Ritha alisema. "Mshike mkono."

Etabo akarudi chumbani. Ritha aliingia chooni, akafungulia maji, akajiosha uso bila haja ya kuuosha. Alijiona mzee kwenye kioo. Alichoka na sheria, alichoka na wanaoipinga, alichoka na chai ya kwenye karatasi, na zaidi ya vyote alichoka na adabu yake mwenyewe.

Saa sita mambo yalibadilika. Taa ilipowaka na swali la kwanza likaulizwa, Apolina alifumba macho, na badala ya kujibu akaanza kuomba. Aliomba kama wanavyoomba watu wa kanisa lake, kwa sauti, kana kwamba chumba kina watu wawili tu, yeye na Mungu.

"Baba, tumbo linawaka moto. Baba, nasikia baridi mpaka ndani ya mifupa na macho yanaona giza. Sitaki kumtia Etabo hofu, Baba, sitaki kumsumbua huyu mama wa watu, lakini wewe unajua. Mimi nakufa. Nakufa na hawa watu wananiangalia."

Ritha alijua la kufanya, maana ndilo alilofundishwa siku ya kwanza ya kazi, na wakalimani wote wa hospitali ile waliliheshimu kuliko kiapo. Sala haitafsiriwi. Mgonjwa akisali, unasema anasali, unarudi hatua moja nyuma, unainamisha kichwa. Maneno yale hayakuambiwa wewe. Hata sheria iliwaachia nafasi hiyo, pengine kwa sababu walioitunga nao walikuwa watu wa kusali.

"Mgonjwa anasali," alisema kwa Kiingereza, akarudi hatua moja, akainamisha kichwa.

Dakika nne zilikwisha. Kauli haikupokelewa. Namba ikasoma 69.

Alibaki amesimama pale pale. Kila alichokuwa anakisubiri tangu asubuhi, kila neno ambalo Mizani ilikuwa na njaa nalo, kilikuwa kimesemwa mbele yake kwa Kiswahili safi, na yeye alikuwa amekiinamia kichwa kwa heshima. Muuguzi aliingia kubadilisha maji ya mshipani, akagusa paji la uso la Apolina, akatoka haraka kumwita daktari.

Daktari Maddox alipima, akasoma, akamvuta Ritha kando. "Mwili wake unakaribia sabini. Hapo ndipo unapoishia. Baada ya hapo mashine haina alama nyingine za kumpa mpaka moyo usimame, na ukisimama nitaruhusiwa kufanya chochote." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Taa inayofuata ni saa nane. Kama hatasema kitu, sidhani kama atafika saa kumi."

"Na akisema?"

"Akisema, naitoa mimba dakika hiyo hiyo."

Ritha alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba namba tisa kwa saa mbili. Hakula. Alitoa rozari, akashindwa kuhesabu, akairudisha kwenye mkoba. Alijaribu kumfikiria mtoto yule aliye tumboni, maana hakutaka kuwa mtu anayemsahau. Alikuwepo, moyo wake ulipiga, mashine iliusikia. Alimfikiria pia binti wa Apolina, wa miaka mitano, aitwaye Sifa, ambaye tangu jana alikuwa kwa jirani na aliyeambiwa mama amekwenda kununua viatu. Akamfikiria Deo akipanda basi Alhamisi na blanketi lake. Alitamani aje mtu, kasisi, hakimu, mtu yeyote, amwambie fanya hivi. Hakuja mtu. Walikuja kusafisha sakafu.

*

Saa nane kamili taa iliwaka.

"Unajisikiaje sasa hivi?"

Midomo ya Apolina ilikuwa imekauka na kupasuka. Alikuwa anapumua juu juu. Etabo alipiga magoti upande wa pili wa kitanda, kichwa chake kimelala kwenye godoro. Ritha aliona sekunde zikipungua kwenye kioo. Kisha Apolina akafumba macho na kuanza, kwa sauti ndogo mno.

"Baba."

Ritha alifungua kinywa aseme mgonjwa anasali. Badala yake aliinama, akaweka sikio karibu na ile midomo mpaka kinasa sauti cha ukosini kikagusa shavu la Apolina, na akaanza kutafsiri.

Aliona aibu. Ilikuwa kama kufungua barua ya mtu mwingine na kuisoma sokoni. Lakini alisoma. Baba, tumbo linawaka. Baba, siisikii miguu yangu. Baba, nimewaambia watu niko salama kwa sababu sikujifunza kulalamika, lakini siko salama, nakufa, nisaidie, nakufa. Aliyapeleka kwa Kiingereza moja kwa moja, bila kutia chumvi, maana hayakuhitaji chumvi. Machozi yalimshuka, na sauti yake haikuyumba. Ukutani namba ilianza kupanda: 71, 74.

Ndipo Apolina akanong'ona, ndani kabisa ya ukosi wa Ritha: "Huyu mtoto kama hakai, mchukue, Baba. Mchukue sasa hivi. Mimi niache."

Ritha akanyamaza.

Miaka sita alibeba maneno ya watu. Alibeba matusi, alibeba vilio, alibeba siri ambazo hakumwambia hata Deo, na hakuwahi kuangusha hata neno moja njiani. Alijivunia hilo kuliko cheti chochote. Sasa alikuwa ameshika maneno ambayo akiyapeleka, namba inarudi sifuri na huyu binti anakufa akiwa mtuhumiwa. Akiyaacha, amevunja kiapo alichokula mbele ya msalaba. Aliyaacha. Yalikaa kinywani mwake, na yeye akafunga mdomo.

Sekunde nane zilipita. Apolina akaendelea, "Nina Sifa wa kulea, Baba, ana miaka mitano tu, usiniondoe kwake," na Ritha akaendelea naye: nina Sifa wa kulea.

Namba ikasoma 79. Ikasita. Ikasoma 83.

Mlango ulifunguliwa kabla taa haijazimika. Daktari Maddox aliachia breki za kitanda kwa mguu, na kitanda, wauguzi, chupa za maji na Etabo anayekimbia pembeni vikatoka kwa pamoja. Chumba kikabaki na Ritha na koti lililoanguka sakafuni. Aliliokota, akalikung'uta, akaliweka juu ya kiti.

*

Saa kumi na moja jioni daktari alitoka, akavua kofia. "Yuko hai," alisema. Akakaa chini kabisa, sakafuni, mgongo ukutani. "Kizazi kimetoka. Uchafu ulikuwa umefika kila mahali, nisingeweza kukiacha. Asubuhi ile ingekuwa kazi ya dakika ishirini, na kesho kutwa angekuwa anapika nyumbani kwake." Alifuta uso. "Etabo amekwenda kumchukua binti yao kwa jirani. Sijapata nafasi ya kumweleza. Nawe unatafutwa ofisini."

Ofisini kulikuwa na meza, kiti, na kioo chenye uso wa bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa Teague, mkaguzi wa kauli. Alikuwa mstaarabu, na yeye pia alionekana hajalala vizuri. Aliomba radhi kwa kumchelewesha.

"Kuna sekunde nane zisizo na tafsiri," alisema, akachezesha sauti iliyorekodiwa. Mnong'ono ulisikika, na chini yake ikapita tafsiri ya mashine, mbovu lakini ya kutosha: *mchukue sasa hivi*. "Imenong'onwa karibu sana na ukosi wako. Mfumo hauwezi kutofautisha ni sauti ya nani. Natakiwa nijaze kabla ya kufunga siku."

"Ilikuwa sala," Ritha alisema.

"Najua desturi yenu, na tunaiheshimu. Lakini sala yote iliyobaki umeitafsiri, Bibi Kahabuka." Alisema hivyo bila ubaya wowote. "Kama ni ya mgonjwa, ni kifungu cha nia, na daktari aliyeendelea ataulizwa naye. Kama ni ya mkalimani, umeingiza maneno yako kwenye kauli, na leseni inafutwa leo. Sina kisanduku cha tatu. Ni ya nani?"

Ritha alitazama mikono yake. Alimwona Deo na blanketi lake. Alimwona vizuri kabisa, na alimuomba msamaha kimoyomoyo.

"Ni yangu."

Bwana Teague aliinua macho. "Unaelewa unachosema?"

"Naelewa. Niliomba mimi. Tunaomba pamoja, sisi, kwa sauti. Nilijisahau."

Aliandika. Kisha akasita, kalamu hewani. "Fomu inauliza kama hayo ni maoni yako binafsi."

Ritha alitaka kujibu haraka na kuondoka, lakini alikuwa mtu wa kuogopa uongo, na kwa siku moja alikuwa amesema wa kumtosha. Basi alirudi chumbani namba tisa, akilini, akainama tena juu ya ile midomo iliyopasuka, na akautafuta uongo wake mle ndani. Hakuuona. Kabla Apolina hajanong'ona, wakati sekunde zinapungua kwenye kioo, yeye Ritha Kahabuka, mama wa parokia, alikuwa tayari amelitamani jambo lile lile kwa moyo wake wote. Na bado aliamini kwamba aliyechukuliwa alikuwa mtoto. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bega kwa bega, hakuna lililompisha mwenzake, na alijua yatakaa hivyo mpaka atakapozikwa.

"Andika ndiyo," alisema.

Alibandua kinasa sauti, akakiweka mezani pamoja na kadi. Koridoni alitoa simu na kumpigia mume wake.

"Deo. Kazi imekwisha. Sisemi ya leo. Kazi yenyewe."

Upande wa pili ilisikika redio. "Na bima?"

"Mpaka mwisho wa mwezi."

Alimsikia akikaa kitini, taratibu, kama anavyokaa siku zote. Hakuuliza umefanya nini. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na mmoja.

"Ni kwa sababu ya mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Amepona?"

"Yuko hai."

Deo alivuta pumzi ndefu. "Haya. Tutajua la kufanya. Rudi nyumbani basi, nimepika ndizi, zitapoa."

Ritha alitazama mlango wa wodi, ambao sasa hakuwa na kadi ya kuufungulia, na muuguzi aliyemwona kupitia kioo akawa anakuja kumfungulia bila kuombwa.

"Zifunike," alisema. "Nitachelewa. Bado hajaamka, hajaambiwa kizazi kimetoka, na hapa hakuna mwingine wa kumwambia kwa Kiswahili."